Ukuta wa Kusini na Mtama wa Mayu Kabula

Mliniaga kwa pilau, soda na saa ya ukutani, na kijana wa ofisini akasoma karatasi iliyosema kwamba kwa miaka yangu yote mtamboni sikuwahi kukosea kipimo. Saa nimeitundika sebuleni kwangu Somanda. Inabaki nyuma dakika nne kwa siku, nimeipima. Karatasi sijaitundika popote, kwa sababu si kweli. Mliniomba pia niwaachie maandishi kuhusu kazi, yawasaidie ninyi mnaobaki na sianidi. Nimeyaandika kwa utaratibu niliozoea, tangu mwanzo, na karatasi ile itajijibu yenyewe tukifika mbele.

Niliingia mtamboni kama mwosha mapipa. Bariadi wakati huo bado ilikuwa chini ya Shinyanga. Nilitoka nyumbani Lingeka, Meatu, na cheti cha darasa la saba na mikono iliyozoea pamba. Mtambo ulikuwa mdogo kuliko mnavyouona leo: matangi manne ya mchanga uliosagwa, maji ya sianidi yakipita katikati yake yakiyeyusha dhahabu, kaboni ikiinasa dhahabu hiyo, na tope linalobaki likienda bwawani. Kazi yangu ilikuwa pipa tupu. Unalisuuza mara tatu, maji ya kusuuzia unayarudisha tangini, unalitoboa matundu kwa sururu, kisha unaliponda. Siku ya kwanza nilidhani kutoboa ni ukatili. Nje ya geti kina mama walikuwa wamesimama wakiomba mapipa ya kuhifadhia maji, na mimi ndani natoboa chuma kizima. Mmoja aliniita mchawi. Nilitoboa sitini na mbili siku ile, na jioni nikaenda kumwambia msimamizi kwamba kazi hii ni ya kipumbavu.

Msimamizi alikuwa Mama Holo, mwanamke mfupi wa makamo aliyeongoza chumba cha kuchanganyia. Alichukua glavu yangu, akaigeuza ndani nje, akanionyesha chembe nyeupe ndogo kama punje ya chumvi iliyokwama kwenye mshono.

"Hii unaiona?"

"Naiona."

"Ungevua glavu hii kwa meno, kama ulivyovua ile ya mchana, tungekuwa tunatafuta ndugu zako. Kesho rudi ukatoboe."

Nilirudi nikatoboa. Tangu siku hiyo nilikuwa mwanafunzi wake, ingawa hakuna aliyelitangaza hilo.

Alinifundisha chokaa. Maji yenye chokaa ya kutosha huishika sumu isiruke ikawa gesi. Chokaa ikipungua, gesi inatoka na hakuna anayeiona. Kwa hiyo kwake chokaa ilitangulia kila kitu, na kipimo cha pH hakikuruhusiwa kushuka chini ya kumi na nusu, hata kama tangi ni la jana na mpimaji ana haraka. Alinifundisha kwamba hakuna anayechanganya peke yake: mmoja anamimina, mwingine anasimama mlangoni akimtazama, na huyo wa mlangoni haruhusiwi hata kupokea simu. Alinifundisha kutokimbilia kumwokoa aliyeanguka kabla ya kuvaa barakoa, kwa sababu maiti mbili si bora kuliko moja. "Nyuki hukuimbia kwanza," alikuwa akisema. "Hii haiimbi."

Vitabu vinasema gesi ile inanukia kama lozi chungu. Bariadi nzima sijawahi kuona lozi, tamu wala chungu. Mama Holo alikuwa na njia yake. Alitwanga maganda mabichi ya muhogo mchungu, akayafunika kwenye kopo, kisha akatupitisha wafanyakazi wapya mmoja mmoja tunuse. Wenzangu wote walikunja pua. Mimi sikusikia kitu. Alinirudisha mara ya pili, kisha ya tatu.

"Pua yako imekufa kwa hii," alisema. "Wapo wa namna yako. Usihuzunike. Wewe utaheshimu kipimo."

Niliheshimu kipimo kuliko mtu yeyote pale. Nilinunua sokoni kitabu cha kemia cha sekondari kilichochanika jalada, nikakisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku mbili au tatu. Nilipokimaliza nilitafuta kingine kuhusu sumu. Chacha, fundi wa pampu, alinipa jina la Daktari wa la Saba. Akinikuta na kitabu wakati wa chai aliwaambia wenzake, "Msimsumbue Daktari, yuko wodini." Nilivumilia. Ndani yangu nililipenda jina lile, na kupenda huko ndiko kulikotupeleka pabaya, kama mtakavyoona.

Katika kitabu cha sumu nilikuta jambo lililonifanya niinuke kwenye kiti. Mtama mchanga unaochipua baada ya mavuno, hasa ukipata mvua kidogo kisha jua kali, una sumu ileile tunayoichanganya sisi mtamboni. Wafugaji wetu wanalijua hilo toka zamani. Kila mtoto aliyechunga ng'ombe ameonywa asiwapitishe kwenye machipukizi ya mtama. Nilipochunga niliambiwa hivyohivyo na babu, na nilidhani ni mwiko tu. Kumbe babu alikuwa akizungumzia sianidi bila kuijua kwa jina. Nililisimulia kwa kila aliyenisikiliza. Nililisimulia kwa Meneja tukiwa juu ya ukuta wa bwawa, nikamweleza hata dalili: mnyama anahema kwa nguvu, anayumba, anaanguka, na damu yake inakuwa nyekundu kupita kawaida. Meneja alitoa simu akaandika. Nilifurahi. Hakuwahi kuandika neno langu kabla ya siku ile.

Mama Holo alipostaafu alinikabidhi daftari la ukaguzi wa bwawa. Hakunipa hotuba. Alifungua ukurasa wa kwanza usio na maandishi, akaniwekea penseli juu yake. "Andika unachokiona," alisema. "Usiandike unachotaka kukiona, wala anachotaka mwingine."

Kwa miaka mitatu niliandika hivyo. Kila asubuhi nilizunguka bwawa kwa miguu, nikitazama ukuta, uzio, kina cha maji, ndege waliokufa kama wapo, nyayo za wanyama. Kwenye safu ya mwisho ya kila mstari palikuwa na nafasi ya neno moja la jumla. Siku njema niliandika "kawaida". Ni neno linaloandikwa upesi.

Kiangazi kimoja ukuta wa kusini ulianza kutoa jasho. Ndivyo tunavyoita unyevu unaopenya ukuta wa udongo na kutokea upande wa nje. Nilipima urefu wake: hatua kumi na nane. Maji hayakutiririka, yalilowesha udongo tu, jua likayakausha, na palipokauka pakabaki ukoko mweupe. Ukoko ulianzia chini ya ukuta, ukapita chini ya uzio, ukashuka kwenye kijikorongo cha nje ambako ng'ombe wa kijiji hupita kwenda kunywa. Niliupima kwa karatasi za kupimia. Karatasi ilibadilika rangi kabla sijamaliza kuhesabu. Nikaandika yote, pamoja na zile hatua kumi na nane, nikapeleka daftari kwa Meneja.

Alisoma, akafunga daftari kwa kidole chake ndani.

"Wakaguzi wanakuja mwisho wa wiki ijayo," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja mapema, bosi. Ukoko ule ni mweupe kama magadi. Ng'ombe wataulamba."

"Udongo wa mfinyanzi umeagizwa. Utaziba mwenyewe, kwa mikono yako. Lakini ukurasa huu utoe, uandike upya. Andika kawaida mpaka tuzibe."

"Na korongo?"

"Tupia miiba. Wewe si mtu wa Meatu? Miiba unaijua."

Nilitoa ukurasa. Nisiseme kwamba nililazimishwa, hakunishika mkono. Nilikuwa mtu wa darasa la saba niliyekaa kiti ambacho wenye diploma walikitazama, na nilijua kiti kile kimesimama juu ya nini. Niliandika "kawaida" siku ile, na siku nane zilizofuata. Nilisomba toroli saba za udongo nikafukia ukoko, nikaweka miiba ya mgunga juu yake. Ukoko ulirudi juu ya udongo wangu siku ya tatu, mweupe zaidi. Wakaguzi walikuja, wakatazama daftari, wakasifu mwandiko.

Ninyi mliokulia mjini pengine hamjui ng'ombe na chumvi. Kiangazi, majani yakiisha ladha, ng'ombe hutafuta udongo wa chumvi kama mlevi anavyotafuta klabu. Mchungaji akiona ukoko mweupe ardhini hamzuii ng'ombe. Anasimama na kushukuru, kwa sababu hicho ni kitu ambacho angekifuata kwa mwendo wa siku nzima. Mfugaji wa pwani au wa mjini angeweza kuuogopa ukoko ule. Msukuma aliuona akauita baraka, akaondoa miiba kwa fimbo yake mwenyewe ili mifugo ifikie.

Huyo aliyeondoa miiba alikuwa Mzee Masunja, jirani yetu wa upande wa kusini, mtu mzima, mpole, aliyekuwa akitusalimu juu ya uzio kila asubuhi. Ilikuwa siku ya kumi, kabla ya saa nne. Nilisikia akipiga yowe nikakimbia. Nilipofika ng'ombe watano walikuwa chini na wengine wanayumba. Walikufa kumi na mmoja kati ya ukuta na kijito cha kunywea. Mzee Masunja alikuwa amepiga magoti akimshika jike mmoja pembe, akimwita kwa jina lake, kana kwamba amelala tu.

Watu walifika na visu kabla ya saa moja kupita. Ng'ombe akifa ghafla huku kwetu huchinjwa haraka, nyama haiachwi. Mmoja alikuwa ameshafungua shingo, na damu iliyotoka ilikuwa nyekundu kama rangi ya dukani. Nilipiga kelele. Nilinyang'anya kisu. Niliwaambia nyama ile itaua watu, wafukieni wote, msiguse hata ngozi. Hilo ndilo jambo jema nililolifanya siku ile na naliandika kwa sababu naandika yote, si kwa sababu linapunguza kitu.

Mzee Masunja aliinua kichwa. "Wewe umejuaje kwamba ni sumu?"

Swali lile lilikuwa jepesi. Jibu lake lilikuwa na maneno matatu au manne, na nyuma yangu ukuta ulikuwa umelowa. Nilifungua mdomo. Meneja alikuwa ameshafika, anahema, suruali yake imejaa vumbi.

"Pole sana, mzee wangu," alisema. "Pole sana. Huu ni mtama. Machipukizi ya mtama. Huyu mtaalamu wetu anayajua hayo vizuri kuliko mimi. Hebu mweleze mzee."

Nikaeleza. Nilisimama pale, mbele ya ng'ombe kumi na mmoja, nikaeleza habari za mtama mchanga, mvua kidogo, jua kali, mnyama kuhema, kuyumba, damu nyekundu. Kila neno nililosema lilikuwa kweli. Wazee waliokuwepo waliitikia kwa vichwa, kwa sababu walilijua jambo hilo toka utotoni, na sasa mtu wa mtamboni analithibitisha kwa kitabu. Sijawahi kusikilizwa kwa heshima namna ile.

"Mtama wa nani?" Mzee Masunja aliuliza.

Kwenye njia waliyopita asubuhi ile palikuwa na shamba moja tu la mtama, na lilikuwa la mke wake, Mayu Kabula; mayu kwetu ndiyo mama.

Daktari wa mifugo aliyeletwa kwa gari la kampuni alichukua sampuli ya matumbo. Ilikutwa na sianidi, kama ilivyotarajiwa, na akaandika kwamba chanzo yaelekea ni mimea. Sumu ni moja. Chombo hakiwezi kusema imetoka kwenye jani au kwenye tangi. Hilo nalo nilikuwa nimemweleza Meneja. Ukuta ulizibwa kwa udongo wa mfinyanzi na nailoni nzito kwa siku mbili. Kumbe zilihitajika siku mbili tu.

Mwezi uliofuata nilisikia getini kwamba Mayu Kabula amerudishwa kwao. Mume wake alikuwa amemwonya miaka mingi asilime mtama kando ya njia ya ng'ombe, walisema, na yeye akakaidi. Watu walianza hata kusema maneno mengine juu yake, yale ambayo huku kwetu mwanamke mzee akiyasikia huanza kuogopa kulala. Ndugu zake wakaja kumchukua kabla hayajakua. Alikwenda kwa kaka yake Lingeka, kata ya kwetu, akiwa na miaka thelathini na kitu ya ndoa mgongoni.

Mama Holo alikuwa bado hai, anaumwa, hapahapa mjini. Sikwenda kumwona. Angeuliza habari za daftari. Nilikwenda msibani kwake mwaka uliofuata, nikachimba kaburi pamoja na wengine, na kila mtu aliniambia jinsi alivyokuwa akinisifia.

Nilibaki kazini miaka sita zaidi. Ninyi mlionikuta mnanijua kwa miaka hiyo: mzee wa kero, anayesogeza uzio nje, anayebandika vibao vya picha ya fuvu la ng'ombe, anayelazimisha ukaguzi wa jasho uende mpaka pale maji yanapoishia na si pale kampuni inapoishia. Mlidhani ni uadilifu. Chacha peke yake ndiye aliyewahi kuniuliza, "Daktari, unamkimbia nani?" Nikamwambia akafunge pampu yake.

Wiki mbili baada ya pilau yenu nilipanda basi kwenda Meatu, kisha bodaboda. Mzee Masunja alikuwa ameshafariki miaka miwili kabla, kwa hiyo nilikuwa nimechelewa kwa yule niliyemdanganya uso kwa uso. Nilimkuta Mayu Kabula uani kwa kaka yake, ameketi juu ya mkeka anachambua pamba, safi kulia, fifi, yaani chafu, kushoto.

"Mwadila, mayu," nilimsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Wewe ni wa nani?"

Nilimtajia ukoo wangu, akaujua. Nikamtajia kazi yangu, mikono yake ikasimama, kisha ikaendelea. Nilimweleza yote kwa mpangilio, ukuta, hatua kumi na nane, ukurasa nilioutoa, neno nililoandika siku tisa, na hotuba yangu ya mtama. Nilipomaliza alitoa jani kavu kwenye pamba akalitupa.

"Kwa hiyo ni ninyi."

"Ni sisi. Ni mimi."

"Mimi nilijua si mtama," alisema. "Mwaka ule kuni zilikuwa taabu. Nilipovuna niling'oa visiki vyote, kimoja kimoja, nikapikia. Pale shambani palikuwa udongo mtupu. Hata mbuzi asingepata cha kutafuna."

Alivuta fungu jingine la pamba.

"Nilimwambia Masunja. Nilimwambia, twende ukaone. Akasema, mtaalamu wa mgodi ameshasema, niende kuona nini? Nikawaambia wazee. Wakasema hivyohivyo. Nikasubiri huyo mtaalamu aje aangalie." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kutoka kwenye huo ukuta wako mpaka shambani kwangu ni hatua ngapi?"

"Sijui, mayu. Sikuwahi kuhesabu."

"Na kazi yako ilikuwa kupima."

Kaka yake alikuja na maji ya kunywa. Nilikunywa kwa sababu kukataa kungekuwa kosa jingine. Nilimwomba msamaha, na yeye akaniambia kwamba msamaha si kitu cha kumletea yeye uani.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Mimi unanieleza nini? Watoto wangu wamekua wakijua mama yao ndiye aliyeua ng'ombe wa baba yao. Mdogo hajakanyaga hapa toka siku ile. Nenda kawaambie wao, palepale kwa Masunja, mbele ya watu walewale waliokusikiliza. Ukishasema, mimi nitajua, maana watakuja."

Basi ndugu zangu wa kazini, daftari la mwaka ule liko kwenye kabati la chuma, rafu ya chini, lenye jalada la kijani. Lina mistari tisa ya mwandiko wangu mzuri iliyosema kawaida, na kabla yake mtaona mabaki ya ukurasa uliochanwa. Msiuchane mwingine ili kunistiri. Kama mtu atawauliza, mwonyesheni.

Jumamosi hii, saa nne asubuhi, nitakuwa nyumbani kwa watoto wa Masunja, na nimeomba wazee waitwe. Bodaboda itanishusha kwenye ukuta wa kusini. Kutoka hapo nitakwenda kwa miguu kupitia lilipokuwa shamba la mama yao, nikihesabu hatua.